Spika Pembeni ya Skrini: Meza Ndogo, Uzito Ubebwe na Nani?

"Shikamoo fundi. Nimepanga chumba Ngamiani hapa Tanga, ndimo ninamolala na ndimo ofisi yangu. Nahariri video za harusi na matangazo madogo madogo. Meza yangu ilichongwa na seremala wa mtaani, upana sentimita 90 na kina 50, imeegemezwa ukutani. Juu yake kuna skrini ya inchi 24 na spika mbili. Moja ina amplifaya ndani na inailisha mwenzake kwa waya. Kila moja ina kimo cha sentimita 24, upana 15, kina 19, uzito kilo mbili na kitu, na tundu la hewa liko nyuma. Zikikaa mezani sina pa kuweka daftari wala diski ya nje. Nimefikiria kukata flatibaa niifunge nyuma ya skrini, halafu nizibandike spika huku na huku kwa tepu ya gundi ya pande mbili, au nizifiche nyuma ya skrini kabisa. Jirani yangu fundi simu ananikataza, anasema sumaku za spika zitaua skrini. Mwingine kasema nizilaze ubavu chini ya skrini. Tena kuna jambo linanisumbua: nikiwa hapa mezani sauti ya MC naisikia imefifia, naiongeza, halafu mteja akicheza video kwenye TV yake ananilalamikia kwamba MC anapiga kelele. Ukuta nao si wa kutegemea, msumari wa kalenda tu ulimwaga lipu. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza maswali manne kwa pumzi moja, ila umenirahisishia kazi kwa kupima meza na spika kwanza. Bila vipimo hivyo ningekuwa nabahatisha tu.

Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Zitoe spika mezani, umewaza vizuri. Zipandishe hadi usawa wa masikio, zikae wima, moja kila upande wa skrini, uso wa spika ukilingana na uso wa skrini au ukitangulia kidogo. Ila skrini yenyewe isibebe chochote. Spika ziwe na mbebaji wake. Nafasi utaipata, na huyo MC anayewapigia kelele wateja wako naona chanzo chake kikubwa kiko hapo hapo mezani.

Tuanze na sumaku, maana ndiyo nyepesi. Jirani yako hakutunga. Alilosema lilikuwa kweli enzi za TV za chogo. Picha ya TV ile ilichorwa na miale ya elektroni iliyorushwa kutoka nyuma kuja kwenye kioo, na sumaku ina uwezo wa kuipinda miale hiyo. Ukiweka spika karibu, kona moja ya picha ingegeuka zambarau au kijani, na pengine rangi ingegoma kurudi hata baada ya spika kuondolewa. Ndiyo maana spika za kompyuta za miaka ya 1990 nyingi ziliuzwa zikiwa na kinga ya sumaku. Skrini bapa uliyonayo haina miale ya kupindwa. Kila nukta yake inapitisha au kuzuia mwanga kwa nguvu ya umeme, na sumaku ya spika ndogo haina la kufanya pale. Kitu cha kukaa nacho mbali ni kadi ya benki yenye ule utepe mweusi. Usijizoeze kuilaza juu ya spika.

Sasa huyo MC.

Sauti ikitoka kwenye spika inatawanyika. Ile inayokwenda moja kwa moja sikioni mwako ni sehemu tu. Nyingine inagonga meza kwanza, inaruka, halafu inakufikia ikiwa imechelewa kidogo kwa sababu imezunguka. Tuchukue vipimo vyako. Mtu akikaa kwenye kiti cha kawaida, sikio huwa kama sentimita 42 juu ya meza, na tuseme uko sentimita 75 kutoka kwenye spika. Ile spika kubwa ya chini kwenye boksi, ambayo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya sauti ya mtu, kitovu chake kiko sentimita 9 hivi juu ya meza. Ukipiga hesabu ya pembetatu, njia ya moja kwa moja ni karibu sentimita 82 na njia ya kupitia mezani ni karibu 91. Tofauti yake ni sentimita 9.

Ndogo, utasema. Lakini kwa joto la Tanga sauti husafiri kama mita 348 kwa sekunde, hivyo wimbi la hezi 2,000, yaani mitetemo 2,000 kwa sekunde, lina urefu wa sentimita 17 na nusu hivi, na nusu ya wimbi hilo ni karibu ile ile 9. Maana yake ni kwamba kwenye hezi 2,000, wakati sauti ya moja kwa moja inafika sikioni ikiisukuma hewa, ile iliyoruka mezani inafika ikiivuta. Zinakatana zenyewe kwa zenyewe. Panda hadi karibu hezi 4,000, tofauti ile ile inakuwa wimbi zima, basi zinasukuma pamoja na sauti inazidi. Kwa hiyo unachosikia hapo mezani ni sauti yenye shimo hapa na nundu pale, na wala hukuomba.

Na hezi 2,000 si mahali pa kupoteza sauti ya mtu anayezungumza. Maeneo hayo ndiyo yanayosaidia sikio kutofautisha t na k, ch na sh. Ukisema MC amefifia, sikio lako halikudanganyi. Pengo lipo kweli, ila liko juu ya meza yako, halimo ndani ya faili. Wewe unaliziba kwa kumwongeza MC, au kwa kunyanyua ikolaiza, kile kirekebishi cha sauti nene na nyembamba, pale katikati. Faili likifika sebuleni kwa mteja, TV iko juu ya kabati, watu wamekaa makochini mita tatu mbali, hakuna meza ya kukata kitu. Pengo halipo, nyongeza yako ipo. Lazima MC apige kelele.

Hapa ndipo wengi wanapokimbilia kununua spika za bei kubwa. Hazitakusaidia. Spika ya milioni mbili ukiiweka pale pale itakatwa pale pale, kwa sababu kinachokata ni umbali.

Ukiinua spika mpaka twita, yaani kile kispika kidogo cha juu, iwe usawa wa sikio, mambo mawili yanabadilika. Tofauti ya njia inakuwa kama sentimita 30, hivyo pengo la kwanza linashuka chini ya hezi 600 na kutoka kwenye eneo lile nyeti. Lakini zito zaidi ni mahali sauti inapogonga. Sasa hivi inagonga sentimita 13 tu mbele ya spika, juu ya meza yenyewe. Spika ikipanda, inagonga kama sentimita 33 mbele yake, na kwa meza ya kina cha 50 ambayo spika imeachiwa nafasi kidogo nyuma, hapo ni ukingoni au nje ya meza kabisa. Meza inakosa cha kurudisha. Sitakudanganya kwamba mwangwi wote utaisha, maana ukuta, dari na kioo cha dirisha havijaenda popote. Ila ule unaotoka mbali unakuja umechelewa na umedhoofika, nao haukati sauti ya mtu kwa namna hiyo.

Kama huniamini, chukua kioo cha kujitazamia, kilaze mezani kikiangalia juu, ukae kwenye kiti chako kama unavyokaa kazini. Mwambie mtu akisogeze taratibu kutoka kwenye spika kuja kwako. Ukiiona spika ndani ya kioo, pale ndipo sauti inapogonga kabla ya kukufikia. Rudia spika zikiwa zimeinuliwa. Utatafuta hapo mezani mahali pa kuiona spika usipapate.

Sasa kuhusu kuzificha nyuma ya skrini: hapana. Sauti nzito zinazunguka vizuizi, lakini nyembamba haziwezi. Hezi 10,000 ina wimbi la sentimita 3 na nusu, na skrini yako ina upana wa sentimita 54 hivi. Inaikinga kama kiganja kinavyokinga mwanga wa tochi. Utasikia ngoma na besi, utakosa s na f, na ladha yote ya udi na fidla kwenye taarab itapotea. Hata spika ikiwa pembeni lakini imerudi nyuma sentimita kumi, ukingo wa skrini unaingilia. Ndiyo sababu nasema nyuso zilingane.

Kuzilaza ubavu chini ya skrini nako sikushauri. Kwanza utakuwa umerudi kule kule mezani, tena karibu zaidi. Pili, twita na ile kubwa zimepangwa juu na chini kwa makusudi. Kuna eneo ambalo zote mbili zinaimba sauti moja kwa pamoja, na zikiwa wima, hata ukiyumbisha kichwa kushoto na kulia, umbali wako kutoka kwa kila moja unabaki ule ule. Ukizilaza, kusogea kidogo tu kufuata kibodi kunabadilisha sauti. Ukitaka kucheza na mkao, afadhali uzipindue juu chini, twita ziwe chini, kama hilo ndilo litakalozileta usawa wa sikio. Hilo halina madhara.

Kwa upande wa upana, wewe umebahatika. Skrini ya sentimita 54, uache sentimita 2 kila upande, kisha uhesabu hadi katikati ya kila spika, unapata sentimita 73 kati ya spika na spika. Unakaa 75. Pembetatu ya pande sawa hiyo, spika mbili na kichwa chako, ndiyo mkao ambao sauti za kushoto na kulia zinashonana vizuri katikati. Zigeuze zikuangalie usoni. Zikigeuka hivyo, makalio yake yatatoka nje ya meza kama sentimita 6 au 7 kila upande, na hapo ndipo faida ya kuwa juu inapoonekana, kwani angani hakuna ubaya. Kama upande mmoja wa meza umebanwa na ukuta wa kona, punguza kugeuza, au bora uivute meza itoke kwenye kona. Spika iliyo konani inapata besi nyingi kuliko mwenzake, na huwezi kupima kitu sawasawa hivyo.

Kwa nini naikataa ile flatibaa nyuma ya skrini? Yale matundu manne nyuma ya skrini, yaliyo kwenye mraba wa milimita 100 kwa 100 au 75 kwa 75, yana skrubu ndogo za milimita 4 na yamewekwa kwa ajili ya kuibeba skrini. Wewe unataka kuongeza kilo nne na zaidi, tena zikae mbali kama sentimita 36 kutoka katikati, mwisho wa mkono wa chuma. Bawaba ya stendi italegea, skrini itainama mbele kidogo kidogo, na kila besi ikipiga picha itatetemeka mbele ya macho yako. Ukitaka kuigeuza skrini umwoneshe mteja kitu, spika zinageuka nazo. Kama ungekuwa na vile vispika vidogo vya yuesibii visivyofika hata nusu kilo, na breketi iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, nisingekuzuia. Zako si hizo.

Tepu ya gundi ndiyo inayonitisha zaidi. Nguvu iliyoandikwa kwenye paketi inahusu sehemu safi, ngumu, isiyo na mafuta. Spika yako imevikwa karatasi ya plastiki yenye sura ya mbao. Tepu itaishika karatasi, lakini karatasi imeshikwa kwenye boksi na gundi dhaifu, na boksi lenyewe ni la unga wa mbao ulioshindiliwa. Ongeza joto la miezi ya kaskazi na unyevu wa pwani yetu. Gundi inalainika, uzito unaivuta mchana na usiku bila kupumzika, inateleza kiasi usichokiona, halafu siku moja usiku unasikia kishindo. Kilo mbili zikitua juu ya kibodi ni hasara. Zikitua juu ya diski yenye harusi ya mtu ambayo hujamkabidhi, hapo ni kesi.

Na usitoboe boksi la spika. Najua wapo watakaokwambia ni skrubu mbili tu. Ile yenye amplifaya ina umeme wa TANESCO wa volti 230 ndani, na kuna kapasita, vile vifaa vya kuhifadhi umeme, zinazobaki na chaji hata ukiichomoa. Hata ile nyingine, tundu jipya linavujisha hewa na besi ikianza utasikia inapiga mluzi. Kama nyuma ya spika yako kuna tundu lenye uzi wa skrubu lililowekwa na kiwanda, au kitundu cha kuning'iniza, hicho ndicho cha kutumia. Vinginevyo spika ikalishwe juu ya kitu, isitobolewe.

Tuje kwenye mbebaji. Ukuta wako nauweka kando moja kwa moja. Nyumba za zamani za pwani, Tanga kama Bagamoyo, nyingi ni mawe ya matumbawe na chokaa, au miti na udongo uliopigwa lipu ya saruji juu. Kwa macho zinafanana na nyumba ya tofali, lakini ukitoboa unakuta unga. Msumari wa kalenda ukimwaga lipu, breketi ya spika itaondoka na kipande cha ukuta. Tena umepanga, na mwenye nyumba hatakuelewa. Siku ukihamia kwenye ukuta wa tofali za saruji, breketi za ukutani ni chaguo zuri sana: skrubu za milimita 5 ndani ya vishikio vya plastiki vya milimita 8, na usitoboe moja kwa moja juu ya soketi au swichi, kwa sababu nyaya hupanda kutoka hapo kwenda darini.

Kuna mikono ya kubana kwenye ukingo wa meza inayouzwa tayari. Ikiwa imeandikwa kubeba kilo tatu au zaidi na unene wa meza yako unaingia kwenye kibanio, haina neno. Angalia tu isiwe inabana karibu na tundu la hewa, na uweke kipande cha ubao mgumu chini ya meza ili kibanio kisitafune mbao.

Ila kwa meza yako mimi ningekwenda kwa fundi wa kuchomelea. Mchoro ni mwepesi: vigingi viwili vya skwea paipu ya inchi moja, kila kimoja na bamba la chini la kufungia bolti kwenye kona ya nyuma ya meza, na kisahani cha juu cha sentimita 14 kwa 18 cha kukalia spika. Kisahani kiwe sentimita 24 juu ya meza. Nimeipata hivi: sikio lako liko 42, twita ya spika yako nakadiria iko 18 kutoka kitakoni, toa. Wewe pima yako, usichukue namba yangu. Kigingi kikae nyuma, kisahani kielee kuja mbele, ili chini ya spika pabaki patupu. Daftari na diski ndipo vitakapokaa, na juu yake vina sentimita 24 za kupumua.

Kuna mambo ambayo fundi wa chuma hatayawaza usipomwambia. Kisahani kiinuliwe kidogo sana mbele, kidomo cha nusu sentimita, spika isiteleze kwa mtetemo. Bolti zipite meza nzima na chini kuwe na kipande cha mninga au mbao yoyote ngumu, hasa kama uso wa meza ni plaiwudi nyembamba. Paipu tupu inaimba. Kuna noti fulani ukiipiga nayo inaitikia. Mwambie auache mdomo wa juu wazi, ujaze mchanga, ndipo azibe. Mchanga uwe wa mto, uliokaushwa vizuri. Wa ufukweni una chumvi na utakula chuma kutoka ndani, ambako huwezi kupaka rangi. Nje apake ya kuzuia kutu kabla ya ile nyeusi, na bolti ukipata za stenlesi utashukuru.

Kati ya kisahani na spika weka mpira. Hakuna haja ya kununua vile vipedi vya dukani. Chukua ndala iliyokatika, kata vipande vinne vya inchi moja, kimoja kila kona. Mtetemo wa boksi hautashuka wote mezani, na spika haitateleza. Kisha funga mkanda wa begi kuzunguka spika na kisahani, usizibe tundu la nyuma.

Kama fedha ya fundi haijapatikana mwezi huu, kuna njia ya katikati: kata mbao mbili za mshazari, uziweke chini ya spika zikiwa hapo hapo mezani, uso uangalie juu kuelekea sikio lako. Hutapata nafasi hata sentimita moja, na meza bado itarudisha sauti, ila twita zikikuelekea utasikia unafuu. Rafu ndefu ya kubeba skrini na spika pamoja, ambayo seremala wengi wataipendekeza, kwako haifai. Kimo kinachozifaa spika kitaipeleka skrini juu mno, na shingo italipa.

Kuhusu tundu la nyuma: liachie hewa ya upana wa vidole vinne kutoka ukutani, usipunguze hapo. Spika ikiwa karibu na ukuta, besi inaongezeka, hiyo ni kawaida. Nyuma ya spika nyingi kuna kitufe cha kupunguza besi, kitumie. Kikikosekana, kipande cha sponji la godoro ndani ya tundu kinasaidia.

Kabla hujamlipa mtu, jaribu kwa siku chache na vitu ulivyonavyo. Kreti ya soda, vitabu, tofali lililofungwa kitambaa, chochote kitakachofika sentimita 24. Cheza sauti ya mtu mmoja anayezungumza, iliyorekodiwa kwa maiki moja. MC wako anafaa kabisa. Fumba macho. Sauti inatakiwa itoke katikati ya skrini, kana kwamba mtu amesimama nyuma yake. Ikivutia upande mmoja, sawazisha umbali kwa futikamba. Kisha fungua kazi ya zamani iliyolalamikiwa, uichanganye upya bila kugusa ikolaiza ya MC, uende kuisikiliza kwenye TV ya mtu.

Spika zikipanda, waya wa kuunganisha kushoto na kulia mara nyingi haufiki, na hapa ndipo watu wanapojiharibia kazi yote. Ukiunga waya, nyekundu iende kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, pande zote. Ukikosea upande mmoja, spika moja itasukuma wakati nyingine inavuta: besi inakauka, na ile sauti iliyokuwa katikati ya skrini inatawanyika hujui imesimama wapi. Wengi wakisikia hivyo wanadhani spika imeungua. Zima, geuza nyaya za spika moja tu, sikiliza tena. Waya wa sauti usiufunge pamoja na wa umeme kwenye kifungo kimoja. Ukilazimika, zikatishane msalaba.

Ukisikia mngurumo mzito usiokoma hata muziki ukiwa umezimwa, chomoa chaja ya kompyuta kwa muda. Mngurumo ukikatika, tatizo ni njia za umeme kukutana kwenye waya wa sauti. Chomeka kompyuta na spika kwenye soketi moja na mara nyingi litapungua. Lakini ukigusa kile kigingi cha chuma, au skrubu za nyuma ya spika, ukahisi kamtekenyo mkononi, acha hapo hapo. Chomoa, usijaribu kingine, umwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka ya nishati na maji, akague ethi ya chumba chako, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi za matundu matatu ambazo lile la tatu halijaunganishwa na kitu, na wewe sasa unakwenda kuweka vyuma viwili mezani unavyovigusa siku nzima. Spika ikitoa mkwaruzo baada ya kuanguka au kuhamishwa, hiyo ni ya fundi redio, apelekewe yenyewe. Na kwa yule wa kuchomelea, nenda na spika mkononi ukamkalishie juu ya bamba apime mbele yako. Ukimpa namba kwa simu atakutengenezea kisahani cha kukalia sabufa.